Dawa ya Chupa: Husafisha Injini au Husafisha Mfuko?

Usigeuze ukurasa huu haraka ukidhani mambo ya injini ni ya madereva na mafundi wa gereji peke yao. Mwaka jana, muhula wa pili, nilitumwa nyumbani kuleta karo nikakaa huko wiki mbili na nusu, huku wenzangu wakifanya mitihani ya katikati ya muhula. Wengi mlidhani ni bursa aliyenitoa darasani. Hasha! Aliyenitoa ni injekta. Ndiyo, kile chombo kidogo cha chuma kinachonyunyiza mafuta ndani ya injini, ambacho waweza kukifumbata kwa kiganja kimoja. Kwa hivyo mniwie radhi nikiandika kwa uchungu kidogo.

Baba yangu ana matatu, Hiace ya dizeli, inayobeba abiria kati ya Voi na Wundanyi. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba ukishaiacha Mwatate unaanza kupanda, kona baada ya kona, na gari lisilo na nguvu huumbuka huko mbele ya abiria wake. Yapata mwezi wa pili gari letu lilianza kutetemeka asubuhi kama mgonjwa wa malaria. Likipanda mlima linatoa moshi mweusi, na dizeli linakunywa kuliko kawaida yake. Siku moja pale stejini Voi akaja mchuuzi na kipaza sauti: "Safisha injekta, safisha pampu, safisha injini nzima! Mimina, washa, nenda!" Chupa moja shilingi 700. Baba akanunua, akamimina. Kwa siku tatu gari likatulia. Ama tuseme Baba alisema limetulia, maana mtu akishatoa pesa zake, hata masikio huanza kumsaidia.

Tangu siku hiyo ikawa ni chupa moja kila wiki. Mama, ambaye huandika kila senti kwenye daftari lake, alikuja kuhesabu baadaye: chupa 14, yaani shilingi 9,800. Na mwisho wa mwezi wa tano gari likafa palepale mlimani, abiria wakashuka wakidai nauli zao.

Nilipousimulia mkasa huu katika mkutano wa chama chetu cha Kiswahili, mjadala uliwaka hata Mwalimu Mlezi akagonga meza. Upande mmoja alikuwa ndugu yetu wa Kidato cha Nne ambaye mjomba wake ana teksi Mombasa. Yeye aliapa kwamba dawa hizi ni kiboko, mjomba hakosi chupa garini. Upande wa pili wakasema ati ni maji yenye rangi, ulaghai mtupu, sawa na ile mizizi ya sokoni inayodaiwa kutibu magonjwa arobaini. Mimi nilinyamaza siku ile kwa sababu sikuwa na hakika. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza mafundi, na nimemsumbua mwalimu wetu wa Kemia hata akaanza kunikwepa karibu na maabara. Sasa nina maoni, na sidhani yatafurahisha upande wowote. Dawa ya kusafisha injekta ipo, na inafanya kazi. Lakini gari la Baba halikuwa na ugonjwa unaotibiwa na dawa hiyo.

Hebu kwanza tujue uchafu wenyewe unatoka wapi. Kila aliyewahi kupika wali anaujua ukoko. Moto ukizidi, kile kinachogusa chuma hukauka na kugandamana, na ukikiacha kila siku bila kusugua, sufuria hupungua ndani. Injekta ya petroli hupatwa na jambo kama hilo, tena hasa wakati injini imezimwa. Dereva anapozima gari, mafuta hayapiti tena kuipoza ncha ya injekta, ilhali chuma cha injini bado kina moto mkali. Lile tone lililobaki kwenye ncha linaiva. Sehemu yake nyepesi hupaa kama mvuke, sehemu nzito hubaki kama gundi. Leo kidogo, kesho kidogo. Gari la safari fupifupi, linalozimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, ndilo linalopata ukoko haraka. Na tundu la injekta ni jembamba mno. Likizibwa hata kidogo tu, mafuta hayatoki tena kama ukungu wa asubuhi wa milima ya kwetu, bali hutoka kwa michirizi kama maji ya bomba bovu. Michirizi haichanganyiki vizuri na hewa, haiungui yote, na hapo ndipo gari linapoanza kutetemeka na kula mafuta bila sababu.

Dawa nayo ni nini? Ni ndugu ya sabuni. Mwalimu wetu alinieleza kwamba kila chembe yake ina kichwa na mkia. Kichwa kina naitrojeni, nacho hupenda kung'ang'ania chuma na uchafu. Mkia ni mrefu na hupenda kuogelea katika mafuta. Kichwa kikishika uchafu, mkia huuvuta uingie kwenye mafuta, ukateketee ndani ya silinda. Zinazojulikana zaidi katika petroli ni mbili: poliisobutini amini, na polietha amini ambayo husifiwa kwa sababu inastahimili joto kali la ndani ya silinda. Majina magumu, najua. Lakini msiyasahau, nitayarudia.

Ushahidi upo, na mwingi unatoka Marekani. Huko walianza kutia dawa za kusafisha kabureta katika petroli miaka ya 1950. Miaka ya 1980, injekta zilipochukua nafasi ya kabureta, malalamiko ya injekta kuziba yakazidi, zikatafutwa dawa zenye nguvu zaidi. Kuanzia Januari 1995 sheria ikalazimisha petroli yote ya magari nchini humo itiwe dawa ya kusafisha. Mwaka 2004 kampuni za BMW, General Motors, Honda na Toyota zikaona kiwango cha sheria ni kidogo mno, zikaweka chao cha juu zaidi zikakiita Top Tier. Kisha mwaka 2016 chama cha wenye magari cha huko, AAA, kikafanya majaribio. Injini zilizotumia petroli isiyofikia kiwango hicho zilipata, kwa wastani, ukoko mara 19 zaidi kwenye valvu za kuingizia hewa, baada ya mwendo wa maili 4,000 tu, yaani kama kilomita 6,400. Tena waligundua kwamba kuhamia kwenye petroli bora kwa maili 5,000 hivi kuliweza kupunguza ukoko wa zamani kwa asilimia 45 hadi 72.

Sasa wewe uliyesema ni maji ya rangi, umesikia? Lakini nawe wa chupa usishangilie bado. Dawa iliyopimwa katika majaribio hayo haikuwa imenunuliwa kwenye chupa stejini. Ilikuwa tayari ndani ya petroli, kwa kipimo kidogo, siku zote. Ni kama mswaki. Anayepiga mswaki kila asubuhi hana haja ya kumaliza dawa yote ya meno siku ya Jumamosi.

Na hapa kwetu Kenya? Petroli na dizeli zetu huletwa kwa meli zikiwa zimeshasafishwa, kwa kuwa kiwanda cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kutoka Mombasa kwenda bara mafuta hupita zaidi katika bomba. Ndani ya bomba hakuna dizeli ya kampuni hii wala ya kampuni ile, yote huenda pamoja. Tofauti hutokea mwishoni, lori linapopakia na kampuni inapotia dawa yake. Kwa hivyo ukiona bango kubwa linaisifu petroli fulani, jua mafuta yenyewe ni yaleyale, kilichotofautiana ni kiungo, kama pilau mbili za mchele wa gunia moja. Mimi sioni ubaya wa mtu kulipia kiungo. Linalonikera ni kwamba sijawahi kuona pampu hata moja iliyoandikwa ni kiungo gani na kimetiwa kiasi gani. Biskuti ya shilingi kumi ina orodha ya vitu vilivyomo, lakini kitu tunachokinunua kwa maelfu hakina!

Kuna mahali ambapo hata dawa nzuri haifiki. Injini nyingi za kisasa hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfano ni zile Mazda Demio za kizazi cha Skyactiv, ambazo zimejaa barabarani kwetu. Katika injini kama hizo petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, na ukoko wa pale hutokana na mvuke wa oili. Sasa umimine chupa ngapi ndani ya tangi ili zisafishe mahali ambapo petroli haigusi? Dawa yaweza kusaidia injekta zenyewe, sawa, lakini valvu itangoja fundi aje aisugue. Ndiyo maana watengenezaji wengine wameamua kuweka injekta za aina zote mbili katika injini moja.

Haya, turudi kwa gari letu. Lilivutwa hadi gereji moja mjini Voi. Fundi, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, hakuanza kwa injekta. Alifungua filta ya dizeli, akaimimina katika chupa ya plastiki iliyokatwa, akaiweka juani. "Kijana, tazama hapo chini." Nikatazama. Chini kulikuwa na maji, kina cha kidole, na juu ya maji utelezi wa rangi ya kahawia. Kisha akaichovya kitambaa ile dizeli akampa Baba anuse. "Na hii, mzee, unasikia harufu gani?" Baba hakujibu. Hata mimi niliyesimama kando niliisikia. Ilikuwa harufu ya koroboi.

Ndipo ukweli ukatoka. Tangu Januari Baba alikuwa hanunui dizeli kituoni. Alikuwa akiinunua kwa mitungi kutoka kwa kijana mmoja kando ya barabara kuu, shilingi 20 chini ya bei ya pampu kwa kila lita. Lita 30 kwa siku, akiba ya shilingi 600. Alikuwa na mkopo wa gari wa kulipa na sisi watoto wanne, naye aliona amepata njia. Mama alifungua daftari lake usiku ule akapiga hesabu bila kusema kitu: siku 120 za kazi, akiba shilingi 72,000. Fundi alitaka shilingi 118,000 kwa injekta nne na pampu. Ongeza zile 9,800 za chupa. Wiki tano gari liko juu ya mawe haliingizi hata senti, hizo Mama hakuzihesabu kabisa. Alifunga daftari.

Nilimuuliza fundi kwa nini chupa 14 hazikusaidia. Alichukua injekta moja ya zamani akanionyesha. Pampu ya dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa nguvu ya zaidi ya bar 1,000. Gurudumu la gari dogo lina kama bar 2, kwa hivyo piga hesabu mwenyewe. Ndani ya injekta vyuma vimekaribiana kiasi kwamba nafasi iliyopo kati yake ni sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Na vyuma hivyo havina oili yao, dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha. Mafuta taa ni mepesi, hayana ulaini huo, na maji huleta kutu. Basi kila siku vyuma vilikuwa vinasagana. "Sabuni hutoa uchafu," fundi akaniambia, "haishoni nguo iliyotoboka."

Nikiongeza yangu hapo, dizeli tunayouziwa vituoni kwa haki ina dawa nyingi tayari hata kabla hujafikiria chupa. Kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, kwa ajili ya mapafu yetu. Lakini kazi ya kuondoa salfa huondoa pia sehemu ya ule ulaini wa asili, ndiyo sababu dizeli ya namna hiyo hutiwa dawa ya kuurudisha. Mtu anayemimina mafuta taa humo anaharibu kazi hiyo yote kwa dakika moja, halafu mwenzake anakuja stejini na kipaza sauti kuuza tiba. Sisemi wanajuana. Nasema tu biashara zao zinafaana.

Na msidhani ulaghai huu unawaumiza wenye magari peke yao. Kwa miaka mingi mafuta taa yalikuwa na bei ya chini kwa sababu ndiyo yanayotumiwa na maskini, na walaghai wakaitumia tofauti hiyo ya bei. Mwezi wa Septemba mwaka 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya kuchanganya. Nakubali kwamba mantiki ilikuwepo. Lakini nyanya yangu kule kijijini hajawahi kuchanganya mafuta na kitu chochote ila utambi, naye akalazimika kulipia makosa ya watu wenye malori. Halmashauri ya kusimamia mafuta, EPRA, hutumia alama ya kikemia inayotiwa katika mafuta taa na katika mafuta ya kupelekwa nchi za nje, kisha wapimaji wake huitafuta alama hiyo vituoni. Njia hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila mtungi wa kando ya barabara hauna pampu wala leseni, na mpimaji akifika, kijana ameshaubeba begani ameingia vichakani.

Wapo watakaoniuliza, si ni afadhali kutia dawa hata kama haisaidii, maana haidhuru? Jamani, historia haituruhusu kusema hivyo. Mwezi wa Desemba mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba madini ya risasi yakitiwa katika petroli kwa namna fulani huzuia injini kugonga. Ilifanya kazi kweli! Lakini risasi iliacha uchafu wake kwenye plagi na valvu, ikabidi itiwe dawa nyingine ya kuuondoa. Na ile iliyotoka kwenye bomba la moshi iliingia katika damu za watoto. Kenya tuliachana na petroli ya risasi mwanzoni mwa 2006, na ni mwaka 2021 tu ndipo Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake pale Gigiri, lilipotangaza kwamba nchi ya mwisho, Algeria, imeacha kuiuza. Karibu miaka mia moja! Kwa hivyo mimi nikiona chupa iliyoandikwa "fomula maalum" bila jina la kilichomo, siwezi kusema haidhuru. Chupa za Baba ndivyo zilivyoandikwa. Nilizisoma zote, mbele na nyuma. Hakuna polietha amini, hakuna amini yoyote, ila picha ya gari jekundu na maneno "kwa petroli na dizeli".

Yule mjomba wa Mombasa je? Nimemfikiria sana, na nadhani yeye ana haki kuliko Baba. Teksi yake ni ya petroli, ya injekta za kawaida, inazimwa na kuwashwa mchana kutwa katika joto la mjini. Hilo ni gari la kupata ukoko hasa. Akinunua chupa iliyotajwa dawa yake, akaitia kwa vipindi ambavyo lebo inaagiza, huenda anapata thamani ya pesa zake. Ila ndugu yangu wa Kidato cha Nne, muulize mjomba anaijaza wapi hiyo petroli kabla hujaisifu chupa.

Ninachoomba ni kwamba sheria ilazimishe kila chupa na kila pampu kutaja dawa iliyotiwa na kipimo chake, kwa Kiswahili ambacho dereva wa matatu ataelewa. Na kwa hapa shuleni ningependa chama chetu kiungane na chama cha Kemia tufanye jaribio dogo, Mwalimu Mlezi akikubali: tuchukue dizeli kidogo kutoka tangi la basi letu la shule, tuiache usiku kucha katika chupa ya kioo, asubuhi tuitazame chini. Wote mnaujua ule moshi wa basi letu. Kabla hatujaambiwa tuchange pesa za injekta, afadhali tujue.

Baba siku hizi hujaza dizeli kituoni na huomba risiti, ambayo Mama huibandika daftarini. Chupa ya 14 bado iko chini ya kiti cha dereva, haijafunguliwa. Nilipomuuliza anaiweka ya nini, alitazama mbele barabarani akasema, "Mwanangu, hiyo nilikuwa nimeshailipia."